Picha ya kifua iandikiwe alama

Ndugu wa mgonjwa anayesubiri nje ya chumba cha eksirei huwa na maswali mawili. La kwanza hulitoa bila kusita: "Picha imesemaje?" La pili hulimeza mpaka apate upenyo wa kumvuta muuguzi pembeni: "Kwani huyu atapona?" Hospitali zetu zimezoea kujibu la kwanza. Ana nimonia, upande wa kulia, chini, aanzishiwe sindano. La pili huachiwa uzoefu wa daktari aliyeko zamu, na mara nyingi huachiwa Mungu.

Hoja yangu ni kwamba picha ileile moja inaweza kuchangia jibu la swali la pili, ila kwa masharti. Anayeisoma aipe alama ya uzito. Alama hiyo iandikwe kwenye faili na kwenye rejista. Na siku mgonjwa anapotoka wodini, kwa miguu yake au kwa machela, hali aliyotoka nayo iandikwe kwenye mstari uleule. Mkoa wa Simiyu unaweza kuanza kufanya hivyo bila kusubiri mradi wala mfadhili.

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulianzishwa Machi 2012 kwa kumega Shinyanga, huku Busega ikitoka upande wa Mwanza. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497 katika wilaya zake tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Kwa miaka mingi mji wa Bariadi ulitegemea hospitali ya Somanda; leo mgonjwa aliyeshindikana wilayani hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Nyaumata. Akishindikana hapo, ambulansi hushika lami ya zaidi ya kilomita 70 hadi Lamadi, hukunja kushoto kwenye barabara kuu itokayo Musoma, hupita Magu na kuendelea hadi hospitali ya Bugando, Mwanza. Uamuzi wa kumsafirisha mgonjwa wa kifua ukichelewa kutoka saa nne asubuhi hadi saa tisa usiku, anayepakiwa kwenye gari si mgonjwa yuleyule tena.

Mwaka 2021 Serikali ilipata kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mkopo wa takriban Sh1.3 trilioni wa kukabiliana na UVIKO-19 na athari zake. Sehemu ya fedha za afya ilikwenda kwenye mitambo ya mionzi, zikiwamo eksirei za kidijitali na CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Mitambo ilikuja. Namna ya kuandika majibu ikabaki ya zamani.

Mkulima wa Simiyu asingekubali mambo hayo kwenye pamba yake. Karani wa AMCOS haandiki kwenye stakabadhi kwamba pamba imeonekana. Huipima kilo, huitaja kama ni safi au fifi, na malipo hufuata hapo. Kifua cha mkulima huyohuyo kikipigwa picha, karatasi husema kitu kimeonekana, basi.

Kanda sita, alama kumi na nane

Machi 2020 mji wa Brescia, kaskazini mwa Italia, ulielemewa na wagonjwa wa UVIKO-19. Madaktari wa radiolojia wa huko, Andrea Borghesi na Roberto Maroldi, walikuwa na tatizo ambalo daktari wa Bariadi analifahamu vizuri: wagonjwa wengi, muda mfupi, na madaktari wa wodini wanaotaka kujua nani amezidiwa kuliko mwenzake. Wakachukua eksirei ya kawaida ya kifua, wakatunga namna ya kuipa alama. Wakaiita Brixia, jina la kale la mji wao.

Namna yenyewe haina uchawi. Kila pafu hugawanywa kanda tatu. Ya juu huishia usawa wa ukingo wa chini wa tao la aota, ule mshipa mkubwa utokao moyoni. Ya kati hutoka hapo hadi usawa wa chini wa mshipa unaorudisha damu moyoni kutoka sehemu ya chini ya pafu la kulia. Ya chini ni iliyobaki, hadi kwenye kiwambo. Kwa mapafu mawili zinakuwa kanda sita. Kanda safi hupata 0. Ikiwa na nyuzinyuzi au ukungu mwembamba, 1. Ukungu ukichanganyika na mabaka meupe lakini nyuzi zikiwa bado ndizo nyingi, 2. Mabaka meupe yakitawala, yaani vifuko vya hewa vimejaa majimaji na usaha hata hewa imekosa nafasi, 3. Jumlisha, utapata alama kati ya 0 na 18.

Tuwachukue wagonjwa wawili wa kubuni. Wa kwanza ni kijana wa Maswa mwenye baka moja jeupe chini kulia. Kanda ile inapata 3, nyingine zote 0. Jumla ni 3. Wa pili ni mama wa Itilima ambaye picha yake haina baka moja kubwa linalotisha, ila ukungu na mabaka madogo vimetapakaa: kulia juu 1, kati 2, chini 3; kushoto juu 1, kati 2, chini 3. Jumla ni 12. Mtu asiye mzoefu akiinua picha hizo mbili dirishani anaweza kumhofia zaidi kijana, maana baka lake linaonekana kutoka mbali. Na karatasi ya majibu, kwa mtindo uliozoeleka, ingewaandikia wote wawili neno moja: nimonia. Wote wangeingia wodi moja, dawa ileile, na muuguzi mmoja wa usiku angewagawia macho yake sawasawa.

Borghesi na wenzake walipofuatilia wagonjwa 302 waliolazwa, waliona kuwa waliofariki walikuwa na alama za juu zaidi. Mambo matatu yaliyosimama imara katika kubashiri kifo yalikuwa alama ya picha, umri, na hali za kushusha kinga ya mwili. Tazama vizuri orodha hiyo: mawili kati ya matatu hayatoki kwenye picha.

Kabla ya picha, mgonjwa mwenyewe

Ndiyo maana sitaki kuuza eksirei kama kitabu cha utabiri. Vipimo vya uzito wa nimonia ambavyo madaktari wamevitumia kwa miaka vinaipa picha nafasi ndogo, au haviipi hata kiti. CURB-65 ya mwaka 2003 huuliza mambo matano: je, mgonjwa amechanganyikiwa, yurea kwenye damu imepanda, anapumua mara 30 au zaidi kwa dakika, presha imeshuka, ana miaka 65 au zaidi? Hakuna swali hata moja la picha. Kipimo cha Marekani cha 1997, kiitwacho PSI, kina orodha ndefu zaidi, na jambo pekee linalotoka kwenye picha ni maji yaliyojikusanya nje ya pafu. Vigezo vya Marekani vya 2007 vya nimonia kali vilihesabu kuenea kwa ugonjwa kwenye sehemu zaidi ya moja ya pafu, lakini kama kigezo kimoja kati ya vidogo vingi.

Afrika imetunga vya kwake. UVA, kilichochapishwa mwaka 2017 kutokana na wagonjwa wa nchi kadhaa ikiwamo Tanzania, hutumia joto la mwili, mapigo ya moyo, kasi ya kupumua, presha, oksijeni, ufahamu na hali ya VVU. Malawi walikuwa wametangulia na SWAT-Bp, ambamo swali moja linanipendeza kuliko mengine yote: je, mgonjwa anaweza kusimama na kutembea? Muuguzi wa Simiyu anaweza kulijibu hata umeme ukiwa umekatika. "Mayu, hebu inuka kidogo, usishike kitanda." Mama akiinuka mwenyewe, hiyo ni habari njema. Akijaribu akarudi kuketi huku anahema, au akitafuta bega la binti yake, hapo kuna taarifa ambayo hakuna mashine ya mabilioni inayoitoa haraka hivyo.

Sasa, kama kusimama, kuhesabu pumzi na kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni vinasema mengi hivyo, picha ya nini? Mgonjwa anayeonekana dhahiri amezidiwa, oksijeni 78 na midomo ya bluu, hahitaji alama ya picha ili apewe kipaumbele. Apewe oksijeni kwanza, picha itasubiri. Mgonjwa anayetembea, anakula na ana oksijeni 97 naye hana shida ya kutabiriwa. Kazi ipo kwa waliobaki katikati. Huyu ana oksijeni 92, anaongea vizuri, anasema amepata nafuu na anaomba ruhusa akavune. Kama picha yake ina alama 3, daktari anaweza kufikiria ombi lake. Kama ina 12, pafu limebaki na akiba ndogo, na nafuu hiyo inaweza kugeuka usiku mmoja. Huyo ndiye anayepaswa kulazwa karibu na meza ya muuguzi, kupimwa oksijeni kila baada ya saa chache, na kutajwa Bugando mapema kabla gari halijahitajika kwa mbio.

Tulichofundisha sisi wenyewe

Msomaji anaweza kusema haya ni mambo ya Ulaya yaliyoletwa kijijini. Ukweli ni kwamba katika eneo hili Afrika Mashariki imeifundisha dunia.

Mapafu yakishindwa ghafla kwa sababu ya maambukizi au majeraha, madaktari huiita hali hiyo ARDS. Fasili yake ya kimataifa ya mwaka 2012, iliyopewa jina la Berlin, ilitaka kipimo cha gesi za damu, mgonjwa awe kwenye mashine ya kumsaidia kupumua, na eksirei au CT-Scan. Mwaka 2016 kundi la watafiti lililoongozwa na Elisabeth Riviello lilichapisha kazi iliyofanyika Kigali, kwenye Hospitali ya Chuo Kikuu, CHUK. Katika wiki sita walipitia wagonjwa wazima 1,046 waliolazwa. Kwa fasili ya Berlin hakupatikana mgonjwa hata mmoja mwenye ARDS. Ukiziamini takwimu hizo, Kigali ilikuwa imebarikiwa.

Wakabadilisha vigezo. Mahali pa gesi za damu wakaweka kifaa cha kidoleni. Pasipo na eksirei wakakubali altrasaundi ya mapafu. Sharti la mashine ya kupumulia wakaliondoa. Ghafla wagonjwa 42 wakaonekana, na nusu yao walifia hospitalini. Walikuwapo siku zote. Karatasi ndiyo iliyokuwa haiwaoni. Fasili mpya ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2024 imekubali kifaa cha kidoleni na altrasaundi, kwa njia ileile iliyofunguliwa Kigali.

Mfano wa pili uko pwani ya Kenya. Hospitali ya Kilifi, ikishirikiana na KEMRI na Wellcome Trust, ilizisoma eksirei za watoto waliolazwa kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka baada ya mwaka, na kuziunganisha na rejista ya wakazi wa eneo hilo. Kenya ilipoanza chanjo ya nimonia mwaka 2011, Kilifi haikuhitaji kubahatisha. Iliweza kuonyesha kuwa nimonia iliyothibitishwa kwa picha ilipungua kwa asilimia 48 miongoni mwa watoto. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya aina hiyo mwanzoni mwa 2013. Nani katika Simiyu anaweza kufungua daftari leo na kuonyesha picha za watoto wa Meatu zilisema nini kabla na baada?

Kilifi ni mji wa wavuvi na wakulima, hauna tofauti kubwa na Bariadi ya wakulima na wafugaji. Uliyafikia hayo kwa sababu kila picha ilisomwa kwa kanuni moja na kila mtoto alifuatiliwa hadi mwisho. Ni kweli wana watafiti na fedha za Uingereza. Lakini kanuni haina bei, na mstari wa rejista haumalizi bajeti ya mtu.

Altrasaundi nayo tusiiache nyuma. Akina mama wa mkoa huu wanaifahamu kwa kupimia mimba. Mashine ileile, ikishikwa na aliyefunzwa, huonyesha mapafu pia: pafu lenye hewa hutoa mistari ya kulala inayojirudia, pafu lililoloa hutoa mistari mirefu inayoshuka kama miali ya tochi. Nayo ina alama zake: kanda 12 za kifua, kila moja 0 hadi 3, jumla 36. Haina mionzi, na humfuata mgonjwa kitandani. Kwa vituo vya afya vya mbali, nadhani huko ndiko tunakoelekea.

Mahali picha inapopotosha

Alama ya Brescia ikiletwa Simiyu bila kupimwa upya itatuumbua, na sababu zake zinajulikana.

Kwanza, vifua vyetu vina historia. Mtu aliyeugua kifua kikuu miaka kumi iliyopita akapona kabisa anaweza kubaki na makovu juu ya mapafu. Kijana aliyepita kwenye mashimo ya dhahabu ya Geita anaweza kuwa na vumbi la mawe kifuani. Mwenye presha ya muda mrefu, moyo ukichoka, mapafu yake hujaa maji yanayofanana na ugonjwa. Wote hao watapata alama za juu hata kama nimonia yao ya leo ni ndogo. Msomaji wa picha asipoambiwa historia, atatia chumvi bila kujua.

Pili, picha safi haimaanishi mgonjwa salama. Mwenye VVU ambaye kinga imeshuka anaweza kuwa na nimonia ya PCP, oksijeni inashuka kila akitembea hatua chache, na eksirei ikaonekana karibu safi. Hata UVIKO-19 katika siku za mwanzo ulipita bila kuonekana kwenye eksirei za wagonjwa wengi.

Tatu, picha huchelewa kupona. Mgonjwa anaweza kuwa amerudi shambani huku picha yake bado ina mabaka. Baada ya wiki mbili za nimonia, ni kama nusu tu ya wagonjwa ambao picha zao huwa zimesafika. Kwa hiyo alama inayofaa kubashiria ni ya siku ya kulazwa. Kumpiga mtu picha kila siku ili kuona kama alama imeshuka ni kupoteza fedha na kumwongezea mionzi bila faida. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania haikuwekwa kwa mapambo. CT-Scan ya kifua hubeba mionzi mara makumi kadhaa ya eksirei. Ipigwe pale jibu lake litakapobadilisha matibabu.

Nne, na hili ndilo husahaulika, kuna wagonjwa ambao hawafiki kabisa kwenye chumba cha picha. Aliyezidiwa mno hawezi kusogezwa kutoka kwenye oksijeni. Mwingine anafariki kabla ya asubuhi. Wa tatu ndugu zake wanahesabu hela mfukoni, wanaona dawa ni muhimu zaidi. Wa nne anachukuliwa na familia kwa hiari yao, akapumzike nyumbani. Ukikokotoa vifo kwa waliopigwa picha pekee, utapata takwimu za kupendeza na za uongo. Rejista lazima imwandike kila aliyelazwa kwa ugonjwa wa kifua, na kwa asiye na picha iandikwe sababu.

Kuhusu kompyuta inayosoma picha

Siku hizi kila mkutano wa afya una mtu mwenye programu ya akili bandia inayosoma kifua. Zipo zinazofaa. WHO mwaka 2021 ilikubali programu za namna hiyo zitumike kuchuja kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, na hilo ni jambo la maana kwa nchi yenye madaktari bingwa wa radiolojia wachache na wengi wao wakiwa kwenye majiji.

Ila kubashiri nani atapona ni kazi nyingine. Mwaka 2021 watafiti waliokuwa Cambridge walikusanya tafiti 2,212 za kompyuta na picha za UVIKO-19. Baada ya kuchuja ubora walibaki na 62, na katika hizo hawakuona hata moja iliyofaa kutumika kwa wagonjwa. Baadhi ya programu zilikuwa zimefundishwa kwa picha za watoto kama mfano wa wasio na ugonjwa. Kompyuta ikajifunza kutofautisha mtoto na mtu mzima. Utafiti wa Marekani wa 2018 ulionyesha kuwa programu ya kutambua nimonia ilikuwa ikitambua, karibu bila kukosea, picha imetoka hospitali gani, kisha ikatumia habari hiyo kukisia ugonjwa.

Programu iliyofundishwa kwa vifua vya Seoul au Boston ikiletwa Bariadi itakutana na makovu ya TB, vumbi la migodi na filamu zilizopigwa mgonjwa akiwa ameketi nusu. Njia pekee ya kujua kama inafaa ni kuwa na rejista yetu ya picha zilizokwisha kupewa alama na watu, zikiwa na matokeo yake pembeni. Bila rejista hiyo, muuzaji akisema programu yake inapatia kwa asilimia tisini na kitu, hatuna cha kumjibu. Tutasaini, tutapiga makofi, tutafungua kwa utepe.

Tuanzie hapa

Ningekuwa na sauti mbele ya Mganga Mkuu wa Mkoa na Mganga Mfawidhi wa Nyaumata, ningeomba mambo machache. Karatasi ya majibu ya eksirei ya kifua, ya karatasi au ya mfumo wa GoTHoMIS, iwekwe visanduku sita na kimoja cha jumla. Kwa miezi ya mwanzo mtaalamu wa mionzi na daktari wa wodi watoe alama kila mmoja peke yake, bila kuoneshana. Wakitofautiana sana, picha ipelekwe kwa mtandao kwa daktari bingwa wa radiolojia Bugando. Kutofautiana kutakuwepo, hata wasomaji wa WHO hutofautiana. Ila kukiandikwa kunarekebishika.

Kwenye rejista, kando ya alama, ziwepo safu chache tu: oksijeni kabla ya kuwekewa mtungi, pumzi kwa dakika, presha, kama anaweza kusimama, umri, hali ya VVU, historia ya TB au migodi, na siku alizougua kabla ya kuja. Safu ya mwisho ni matokeo: ameruhusiwa, amepelekwa rufaa, ameondoka kwa hiari, amefariki. Kwa waliopelekwa Mwanza simu moja ipigwe kujua walivyofikia, maana mgonjwa aliyetoka kwenye daftari letu hajatoka duniani. Tuanze na watu wazima, kwa sababu alama ya Brixia ilitungwa kwa wakubwa. Watoto wana utaratibu wao: mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano anayefikisha 40, ana nimonia kwa vigezo vya WHO na aanze dawa bila kungoja picha. Waliolazwa wakapigwa picha, zisomwe kama Kilifi walivyosoma.

Najua jibu litakalokuja: wahudumu wameelemewa. Ni kweli wameelemewa, na kuna madaftari ya MTUHA yanayowachosha bila kuwarudishia chochote. Lakini tarakimu sita huandikwa haraka kuliko sentensi, na hizi zitawarudia zikiwa na manufaa. Mwaka ukiisha, NIMR Mwanza au Chuo Kikuu cha CUHAS pale Bugando wanaweza kukaa na wenyeji wakachora jedwali: waliopata alama 0 hadi 6 walitokaje, 7 hadi 12, 13 hadi 18, na je, alama iliongeza chochote juu ya oksijeni na kusimama? Kibali cha utafiti kiombwe mapema, na majina ya wagonjwa yalindwe kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inavyotaka.

Naomba na kanuni moja iandikwe kwa wino usiofutika ukutani mwa wodi: alama ya picha hutumika kumwongezea mgonjwa huduma, haitumiki kumpunguzia. Siku oksijeni ikiwa chache, kishawishi kitakuja cha kusema huyu ana 16, tumwache, tumpe mwenye 9. Namba iliyotolewa ili kumwona mgonjwa mapema isigeuzwe hukumu, hasa wakati bado hatujui 16 ya Simiyu ina maana gani.

Huenda jedwali hilo likaonyesha kuwa alama haiongezi kitu. Kwamba kifaa cha kidoleni na "mayu, hebu inuka" vinatosha. Hayo nayo yatakuwa matokeo mazuri, kwa sababu mkoa utaacha kulipia picha zisizo na kazi na kuelekeza fedha kwenye mitungi ya oksijeni na vifaa vya kidoleni kwa kila zahanati kuanzia Mwanhuzi hadi Nyashimo. Huenda likaonyesha kinyume, na daktari wa zamu wa usiku akapata hoja ya kuita gari mapema. Vyovyote itakavyokuwa, rejista ya mwaka mmoja itatuambia kama hoja hii ina uzito. Tukiendelea kuandika "nimonia" na kufunga faili, mwakani tutabishana palepale, na kila mmoja wetu ataamini alichoamini mwaka huu.